Nyimbo Zilizowafungua Wadeni

Hapo kale katika nchi ya Ireland, mtu aliyekopa akashindwa kulipa hakuachwa aende kutafuta fedha. Alitiwa gerezani. Humo alikaa mpaka deni limelipwa, na kwa kuwa mtu aliyefungwa halimi wala hafanyi biashara, mwaweza kuona wenyewe kwamba alikaa sana. Tena gereza halikumpa chochote bure. Mwenye gereza alidai ada ya kuingia, ada ya kitanda, na hata ada ya kutoka. Wako waliosamehewa deni lao la kwanza wakabaki ndani kwa sababu ya deni la gereza lenyewe, na mke na watoto wakabaki nje wakiombaomba.

Katika mji mkubwa wa nchi ile, Dublin, walikuwapo watu waliopenda muziki. Walikutana jioni katika nyumba ya vinywaji kwenye mtaa uitwao Fishamble Street, yaani mtaa wa wauza samaki, wakapiga fidla na kuimba. Baadaye wakafanya chama, na kusudi la chama wakaliandika katika jina lake: Chama cha Muziki cha Kuwafungua Wafungwa wa Madeni. Kazi yao ilikuwa hiyo tu. Walipiga muziki, wakakusanya fedha, wakaenda gerezani kuwalipia maskini, nao wakatoka. Mwaka 1741 wakafungua jumba kubwa la muziki katika mtaa uleule wa samaki.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo akaja Dublin Bwana George Frideric Handel, Mjerumani aliyekuwa akikaa London, fundi mkubwa wa kutunga muziki. Mambo yake London yalikuwa yamelegea. Katika mzigo wake alichukua wimbo mrefu sana ambao alikuwa ameutunga kwa siku 24 tu, nao waitwa Messiah, yaani Masiya. Maneno yake yote yametoka katika Maandiko Matakatifu: kutabiriwa kwa Bwana wetu, kuzaliwa kwake, mateso yake na kufufuka kwake. Hata leo, Noeli na Pasaka, wimbo huo husikika dunia nzima, na kwaya nyingi za kwetu huimba ile sehemu yake ya Aleluya.

Nawaambia mapema, asije mtu akadhani naficha: Handel alikuwa Mprotestanti, na siku zile sheria za Ireland ziliwakandamiza sana Wakatoliki. Watu walioingia jumbani kumsikiliza walikuwa wakubwa wa serikali na wenye mali. Lakini deni halikumuuliza mtu anasali wapi.

Ikakubaliwa kwamba wimbo huo mpya uimbwe mara ya kwanza kwa ajili ya maskini. Kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, gazeti lilitangaza fedha zitakwenda wapi: sehemu kwa wafungwa wa madeni, sehemu kwa hospitali iitwayo Mercer's, sehemu kwa hospitali nyingine ya maskini iliyokuwa kando ya mto. Bei ya tiketi ilitangazwa pia. Ilikuwa nusu gini, yaani shilingi 10 na senti chache za Kiingereza, na hiyo ilikuwa fedha nyingi. Aliyenunua tiketi aliruhusiwa kuja hata siku ya majaribio.

Shida hazikukosekana. Waimbaji wazuri wa mji walikuwa wale wa makanisa mawili makubwa ya Kiprotestanti, na mkuu wa moja ya makanisa hayo, Jonathan Swift, yule mwandishi mashuhuri, alikuwa mzee wa miaka 74 ambaye akili zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Mwezi wa Januari alikuwa amekataza waimbaji wake wasithubutu kwenda kuimba na kundi la wapiga fidla wa Fishamble Street. Watu wakamwendea kwa upole, wakabembeleza, na mwisho waimbaji wakapatikana. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kuwatafutia waimbaji ruhusa anaijua kazi hiyo.

Shida nyingine ilikuwa nafasi. Jumba lilitosha watu kama 600. Siku zile mabibi wa heshima walivaa magauni yenye matao ndani yake, na bibi mmoja aliyevaa hivyo alienea nafasi ya watu wawili. Mabwana nao walitembea na panga ubavuni. Basi wenye chama wakaandika gazetini kuwaomba mabibi waje bila matao na mabwana waje bila panga, kwa sababu watu wakizidi kuingia, sadaka ya maskini itazidi. Nao walitii! Wakaingia watu kama 700. Mimi nalipenda sana tangazo hilo kuliko mambo mengine yote ya siku ile. Mtu alikuwa ameketi akahesabu viti, akaona kila tao la gauni ni nusu gini iliyopotea na mfungwa anayebaki ndani.

Siku ilikuwa Jumanne tarehe 13 Aprili 1742, saa sita mchana. Kati ya waimbaji alikuwapo Bibi Susannah Cibber, mwigizaji kutoka London. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kwa aibu kubwa, kesi ikasikilizwa mahakamani, na mambo yake yakaandikwa na kuuzwa barabarani. Alikuwa amekimbilia Dublin ili watu wamsahau. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini alipoimba mahali panaposimulia jinsi Bwana wetu alivyodharauliwa na kukataliwa na watu, aliimba kama mtu anayeyajua maneno hayo. Yasimuliwa kwamba mchungaji mmoja, Dr. Delany, ambaye mkewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, alishindwa kujizuia akamwambia kwa sauti mbele ya watu kwamba kwa wimbo huo asamehewe dhambi zake zote.

Zilipatikana karibu pauni 400. Handel hakuchukua kitu. Bibi Cibber hakuchukua kitu. Bwana Dubourg aliyewaongoza wapiga fidla naye hakuchukua kitu. Fedha zikagawanywa mafungu matatu sawasawa kama ilivyotangazwa, na kwa fungu moja la wafungwa wakatolewa gerezani wadeni 142.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Fungu moja la pauni 400 ni kama pauni 133. Gawanya kwa watu 142. Haifiki pauni moja kwa kila mtu! Tiketi mbili za nusu gini zilizidi pauni moja. Maana yake, mume na mke walipoketi pale jumbani saa chache kusikiliza muziki, gharama ya viti vyao viwili ilitosha kumrudisha baba mmoja nyumbani kwake. Watu walikuwa wakioza gerezani kwa fedha kidogo namna hiyo, na wenye kuweza kuilipa walikuwa wakipita mbele ya lango kila siku. Muziki uliwafanya wasimame.

Jambo hilo lilizaa mengine. Mwaka 1757 mtukufu mmoja wa Ireland, Lord Mornington, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga muziki, alianzisha chama kingine Dublin. Hao hawakungoja mtu afungwe. Fedha za muziki waliwakopesha mafundi maskini bila riba: huyu anunue ngozi ya kushonea viatu, huyu uzi wa kufumia, kisha arudishe kidogo kidogo, apewe mwingine. Wanachama wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa wataona kwamba jambo hili si geni.

Handel aliporudi London alikutana na maskini wa namna nyingine. Kapteni Thomas Coram, nahodha mzee aliyekuwa amekaa Marekani, alirudi Uingereza akawakuta watoto wachanga wametupwa kando ya njia za London, wengine wamekufa, wengine wako karibu kufa. Yeye hakuwa na mtoto. Alizunguka miaka 17 akigonga milango ya wakubwa, mpaka mwaka 1739 Mfalme akampa ruhusa ya kujenga nyumba ya kuwalea. Watoto 30 wa kwanza walipokelewa usiku wa tarehe 25 Machi 1741, siku ambayo sisi Wakatoliki twaadhimisha Bikira Maria kupashwa habari na malaika.

Punde wakaja kina mama wengi kuliko vitanda. Msikilize lililofanyika, maana ndilo linaloonyesha ukosefu wa fedha ni kitu gani. Tangu mwaka 1742 kila mama aliyeleta mtoto alitia mkono katika mfuko na kutoa kitufe kimoja. Akitoa cheupe, mtoto wake alipokelewa. Akitoa chekundu, alingoja aone kama mwenzake atakataliwa kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Akitoa cheusi, alirudi na mtoto wake barabarani. Mama aliyefanikiwa aliacha alama pamoja na mtoto, kipande cha kitambaa au sarafu iliyokatwa, ili siku akijaliwa kurudi amtambue. Wengi wa alama hizo zipo London hata leo, kwa sababu mama hakurudi.

Hapo ndipo wachoraji walipoingia. Bwana William Hogarth, mchoraji, alikuwa mmoja wa wasimamizi wa nyumba ile. Hakuwa tajiri wa kutoa maelfu, basi akatoa alichonacho. Alichora picha kubwa ya Kapteni Coram akaitundika ukutani, kisha akawavuta wachoraji wenzake nao wakaleta picha zao. Uingereza wakati ule haikuwa na mahali ambapo watu wote waweza kwenda kutazama picha, na nyumba hii ya yatima ikawa mahali pa kwanza pa namna hiyo. Wenye mali walikuja kutazama picha, wakawaona na watoto, wakafungua mifuko. Wachoraji nao walipata wanunuzi. Mwaka 1750 Hogarth aliitoa picha yake moja kubwa ya askari kwa bahati nasibu. Tiketi zilizobaki bila kununuliwa akawapa yatima bure, na kumbe tiketi iliyoshinda ilikuwa mojawapo ya hizo! Picha iko kwao hata sasa.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Mei, Handel aliimbisha Messiah katika kanisa la nyumba ile. Watu walijaa mpaka wengine wakarudishwa mlangoni, ikabidi kuimba tena baada ya wiki mbili. Toka hapo ikawa desturi ya kila mwaka. Alipopofuka macho hakuacha kazi hiyo. Kwa miaka yote wimbo huo mmoja uliwapatia watoto wale karibu pauni 7,000. Handel alikufa Jumamosi Kuu ya mwaka 1759, na katika wasia wake aliwaachia nakala ya wimbo wote pamoja na karatasi za kila mwimbaji na kila mpiga chombo, ili wasije wakashindwa kuimba kwa sababu yeye hayupo.

Lakini msidhani fedha pekee zilitosha. Mwaka 1756 Bunge liliipa nyumba ile fedha nyingi kwa sharti kwamba mtoto yeyote atakayeletwa apokelewe. Kwa muda wa miaka minne wakaletwa watoto karibu 15,000, na zaidi ya theluthi mbili wakafa. Fedha zilikuwapo, ila wanyonyeshaji na walezi hawakuwatosha watoto wengi namna ile.

Msomaji ataniuliza: je, Wakatoliki hawakufanya kitu? Walitangulia. Katika mji wa Venice, Italia, Mfransisko mmoja alianzisha nyumba ya watoto waliotupwa tangu karne ya 14, nayo iliitwa Pietà. Ukutani palikuwa na tundu ambapo mama aliweza kumweka mtoto bila kuonekana uso. Wasichana waliokulia humo walifundishwa muziki, na mwalimu wao tangu mwaka 1703 alikuwa padre, Antonio Vivaldi, ambaye watu walimwita Padre Mwekundu kwa sababu ya nywele zake. Waliimba kanisani juu rosheni, nyuma ya wavu wa chuma, wageni wasiwaone. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuzisikia sauti za yatima hao, wakatoa sadaka, na wengine wakaiachia nyumba urithi. Wasichana wakubwa waliwafundisha wadogo. Hapa maskini hakukaa akingoja kuimbiwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi. Padre Vivaldi alikufa maskini ugenini Vienna mwezi wa Julai 1741, na mwezi uliofuata Handel akaanza kuandika Messiah.

Njia hiyo ya Venice imeonekana hata kwetu. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alisaidia kuanzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. Vijana waliokuwa hawana kazi walichora, wakachonga, wakauza. Wako waliotoka hapo wakajulikana mpaka Ulaya, kama marehemu George Lilanga, Mmakonde.

Sasa niseme lile linaloniuma. Tarehe 1 Agosti 1971, mjini New York, Mhindi Ravi Shankar na Mwingereza George Harrison waliwakusanya wanamuziki wakubwa kwa ajili ya watu wa Bangladesh. Nchi ile ilikuwa imepigwa na tufani, kisha na vita, na mamilioni ya wakimbizi walikuwa wamevuka kuingia India. Watu 40,000 walikuja katika maonyesho mawili ya siku moja. (Shankar alipomaliza kukaza nyuzi tu, watu wakapiga makofi kwa nguvu wakidhani wimbo umekwisha! Akawashukuru, akasema kwamba ikiwa wamependa kukazwa kwa nyuzi, anatumaini watapenda zaidi wimbo wenyewe.) Fedha za mlangoni, dola 243,418 na senti 50, zilipelekwa kwa watoto kupitia UNICEF. Lakini fedha nyingi zaidi zilitoka katika sahani za santuri na filamu, na hizo hazikufika upesi. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya siku ile hapakuwa na mpango ulioandikwa sawasawa kuonyesha kwamba ni fedha za sadaka, basi watoza kodi wa Marekani wakazishika. Mamilioni yalikaa miaka mingi yakibishaniwa, na wakimbizi hawakuweza kungoja. Wanamuziki walitoa kwa moyo mweupe, ila karatasi haikutangulia.

Nimesimulia ya mbali, lakini mawazo yangu yako katika vigango vyetu. Kwaya zetu zinaimba vizuri, na sisemi hivyo kwa kuwafurahisha. Siku hizi kwaya hurekodi nyimbo, hufanya uzinduzi, humwalika mgeni rasmi, na watu hutoa mkononi au kwa simu. Tangazo lasema fedha ni za kumpeleka mgonjwa hospitali, au kuezeka nyumba ya mjane. Kisha yaja mambo: sare mpya ya kwaya, gari la kuwaleta wageni, spika za kukodi, pilau. Jioni mhasibu anahesabu, na lililobaki halimfikishi mgonjwa hata stendi ya mabasi. Hapo minong'ono huanza, na mwaka unaofuata watu hawaji, hata wimbo ukiwa mtamu namna gani. Si kwamba watu ni wezi. Mara nyingi hakuna aliyeketi kabla ya siku ile kuhesabu viti kama wale wa Dublin, na kuuliza sare za zamani zina ubaya gani.

Kwa hiyo kama kigango chenu kinafikiri kuimba kwa ajili ya mtu, ulizeni kwanza deni lake ni kiasi gani hasa. Nendeni hospitali mkaandikiwe, nendeni dukani mkaulize bei ya bati. Huenda mkaona ni fedha ndogo kuliko pilau. Watajeni watu watatu wa kushika fedha, na mmoja wao asiwe mwanakwaya. Andikeni bei mlangoni mwa kanisa pamoja na jina la kazi, na chini yake gharama, hata kama ni ya soda za wapiga vyombo. Na yule mama mwenye sauti nzuri ambaye watu wamekwisha kumsema, mwiteni aimbe.

Hesabu isomwe Jumapili inayofuata, baada ya Misa, watu wakiwa bado wanakumbuka wimbo. Dublin waliimba Jumanne, na Jumamosi ya wiki ileile, tarehe 17 Aprili, gazeti la mji lilikuwa limekwisha kuchapisha fedha zinakwenda kwa nani.